Likizo ya kwanza China: kabla hamjakata tiketi na wenzako

Wadogo zangu mliofika China Septemba, mitihani ya muhula ikikaribia mtaona makundi ya WeChat yameanza kuchangamka. Mmoja anataka Harbin akapige picha kwenye majumba ya barafu, mwingine anataka Xi'an, wa tatu anasema twendeni Guangzhou, pale Xiaobei, mtaa wenye Waafrika wengi, tukale chakula cha nyumbani. Nendeni. Likizo ya baridi vyuo vingi hutoa mwezi mzima au zaidi, na kubaki bwenini huku kantini imefungwa na korido nzima kimya ni adhabu ambayo hakuna aliyekuhukumu. Ila mjue kwamba safari ya huku huharibika au hunyooka wiki mbili kabla ya kuondoka, na wengi wanaoumia si wale wasio na hela. Ni wale waliopanga wapi bila kupanga lini, na nani, na kwa karatasi zipi.

Tuanze na lini, maana hapo ndipo penye utamu na uchungu. Mwaka Mpya wa Kichina hufuata mwezi, kwa hiyo tarehe huhama kati ya kama 21 Januari na 20 Februari. Mwaka 2025 uliangukia 29 Januari, mwaka 2026 ni 17 Februari. Msimu wa watu kwenda kwao unaitwa chunyun na hudumu siku 40, kuanzia kama wiki mbili kabla ya sikukuu. Katika siku hizo safari za nchi nzima huhesabiwa kwa mabilioni. Kibarua wa kiwandani aliyekaa mwaka mzima Guangdong ana nafasi hiyo moja ya kumwona mtoto wake kijijini. Wewe huna mama anayekusubiri Henan na chakula cha mkesha. Una wiki nne au tano mkononi. Sasa kwa nini ugombanie naye kiti siku mbili kabla ya mkesha?

Kwa hiyo ondokeni mara tu mtihani wa mwisho ukiisha, mrudi kabla wiki ya sikukuu haijaingia. Kama ratiba ya chuo chenu haikubali, angalieni mwelekeo. Kabla ya sikukuu watu humiminika kutoka Beijing, Shanghai, Guangzhou na Shenzhen kwenda mikoani. Baada ya sikukuu hurudi. Anayekwenda kinyume na wimbi hilo hupata nafasi kwenye treni ambazo upande wa pili zimejaa. Mwanafunzi wa Wuhan au Changsha anayetaka kuiona Shanghai ana bahati hapa, maana kabla ya sikukuu yeye anaingia wakati wenyeji wanatoka.

Siku zenyewe za sikukuu zikiwakuta bado safarini, tulieni mahali pamoja. Migahawa midogo hufungwa kwa sababu mwenye tambi naye amekwenda kwao, sokoni kunapoa, na mji mnaousikia kwa kelele zake unakuwa kama siku ya sensa. Nunueni mchele, mayai na mafuta mapema, mtafute nyumba ya kulala wageni yenye jiko. Kuhusu wiki ya 1 Oktoba, likizo ya Sikukuu ya Taifa, nitasema kwa ufupi: ni wiki moja tu, huna pa kuikwepea, basi zungukeni mji mnaosomea na miji ya jirani.

Tiketi za treni huuzwa kwenye 12306, tovuti na programu ya reli ya taifa, na dirisha hufunguliwa siku 15 kabla ya safari. Fungueni akaunti leo, msisubiri siku hiyo. Jina liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti, na uhakiki wa pasipoti ya kigeni unaweza kuchukua muda. Wenye majina matatu marefu ndio husumbuka zaidi; mkikwama, nendeni na pasipoti kwenye dirisha la kituo chochote kikubwa. Tiketi zikiisha, jiandikisheni kwenye orodha ya kusubiri ndani ya programu hiyohiyo, kwa sababu watu hurudisha tiketi kila saa. Kurudisha hakuogopeshi: zikibaki siku nane au zaidi hukatwi kitu, baada ya hapo makato huanzia asilimia 5 hadi 20 kadiri saa ya safari inavyokaribia. Kata kwanza, badili baadaye.

Siku ya safari someni jina la kituo mpaka neno la mwisho. Beijing ina vituo vya Kusini, Magharibi, Chaoyang na vingine, na kutoka kimoja hadi kingine unaweza kula saa nzima kwenye metro. Guangzhou Kusini na Guangzhou Mashariki ni pande mbili za jiji. Tiketi ya karatasi haipo siku hizi, pasipoti yako ndiyo tiketi. Mashine za getini mara nyingi hazisomi pasipoti ya kigeni, basi tafuteni mlango wenye mhudumu. Geti hufungwa dakika chache kabla treni haijaondoka, na hakuna wa kukuhurumia.

Halafu jambo moja la kwetu. Kwenye kundi andikeni saa kama ilivyo kwenye tiketi, 07:15, 19:40. Mtanzania akiandika "tukutane saa moja", mwenzake wa Zambia au Nigeria aliyetafsiriwa ujumbe huo atafika saa saba mchana, na safari itaanza kwa kununiana.

Kama haraka hamna, jaribuni angalau usiku mmoja kwenye treni ya kawaida, zile zinazoanza na herufi K, T au Z, mkate vitanda vya daraja la kawaida, wanaviita yingwo. Ni kijichumba kisicho na mlango, vitanda sita, vitatu kila upande. Cha chini ndicho cha bei ya juu, na mchana kila mtu hukaa juu yake, wenye nacho na wasio nacho, maana kitanda cha juu kabisa hata kukaa wima huwezi. Mwishoni mwa behewa pana bomba la maji ya moto, na kufikia saa kumi na mbili jioni korido nzima inanuka tambi za kopo. Taa huzimwa kama saa nne usiku. Atakuja bibi mmoja mwenye mfuko wa mbegu za alizeti, akumiminie kiganjani bila kuomba ruhusa, akuulize unatoka wapi, unalipwa nini na umeoa au hujaoa. Mjibuni. Kichina cha pale hakuna darasa la HSK, ule mtihani wa Kichina kwa wageni, linalokifundisha, na treni ya mwendokasi haikupi nafasi hiyo, kule kila mtu ana simu na vidude masikioni.

Sasa pasipoti. Hapa sina utani. Sheria inamtaka mgeni wa miaka 16 na kuendelea atembee nayo. Ukilala hotelini, mapokezi wanakuandikisha polisi wenyewe. Ukilala kwa rafiki, iwe chumba cha kupanga au nyumbani kwa familia ya Mchina uliyesoma naye, kujiandikisha kituo cha polisi cha mtaa ndani ya saa 24 ni juu yako na mwenyeji wako. Faini inaweza kufika yuan 2,000, na rekodi hiyo inakungoja siku ya kuhuisha kibali cha ukaazi. Mtasikia "mimi nimelala kwa mshikaji wiki nzima na hakuna aliyeuliza". Ni kweli, mpaka siku anayoulizwa.

Hoteli nazo, hasa ndogo za bei ya chini, wakati mwingine hukataa wageni. Mwaka 2024 serikali ilielekeza kwamba hazipaswi kukataa, lakini mpokezi wa zamu ya usiku asiyejua kuingiza pasipoti kwenye mfumo hajui maelekezo hayo. Pigeni simu kabla ya kulipa, waulizeni kama wanapokea wenye pasipoti za kigeni, na majibu yawe kwa maandishi ndani ya programu mliyotumia kuweka nafasi. Kusimama barabarani na mabegi saa sita usiku kwenye baridi ni somo la kusimuliwa tu, msilitafute.

Kama muda wa kibali chako unakaribia kuisha, usipange safari kabla hujahuisha. Polisi wa uhamiaji wanaweza kukaa na pasipoti hadi siku 15 za kazi. Wanakupa risiti, lakini kwa risiti hiyo treni na hoteli ni mahangaiko. Ulizeni pia ofisi ya wanafunzi wa kigeni fomu ya ruhusa ya kusafiri. Vyuo vingi vinaitaka, na wanaofadhiliwa na serikali ya China ndio wa kuwa makini zaidi, posho isije ikasimamishwa kwa sababu ya karatasi moja.

Na Hong Kong. Mtu anaona metro ya Shenzhen inafika mpakani, anasema twende tukazunguke turudi jioni. Kuvuka pale ni kutoka nje ya mipaka ya China bara kiuhamiaji, na Macau ni hivyohivyo. Mwenye kibali cha ukaazi kilicho hai hurudi bila shida. Aliyeingia kwa viza ya X2 (ya masomo ya muda mfupi) ya kuingia mara moja, au mwenye X1 (ya masomo ya muda mrefu) ambaye hajaibadilisha kuwa kibali, akivuka amejifungia nje, mizigo yake iko bwenini na yeye anatafuta viza mpya. Kabla ya kuvuka, kila mmoja afungue pasipoti yake mbele ya wenzake, asome. Tena kila uraia una masharti yake ya kuingia Hong Kong; msidhani kwa kuwa Mkenya amepita basi na Mrundi atapita.

Idadi ya kundi mimi nasema wanne. Wanne mnaingia teksi moja, mnakaa meza moja, mnapatana mahali pa kula ndani ya dakika kumi. Kundi la wanane lina vikao kuliko safari.

Pesa ndiyo inayovunja urafiki kuliko kitu kingine, na huvunja polepole. Mwenye ufadhili wa serikali ya China wa shahada ya kwanza anapata yuan 2,500 kwa mwezi, wa uzamili 3,000. Pembeni yake yupo anayelipiwa na baba mwenye duka, na yupo anayekula kwa akiba ya mkopo wa ndugu. Wote wanacheka pamoja darasani, lakini hawawezi kulala hoteli moja mpaka wakubaliane. Semeni kiwango cha juu cha kila mtu kabla ya kukata tiketi, na kiwango cha safari kiwe cha yule wa chini. Teueni mweka hazina mmoja, kila mtu amtumie mchango wa kuanzia, alipe usafiri, malazi na chakula cha pamoja, na kila usiku kabla ya kulala aweke hesabu kwenye kundi. Vinywaji na zawadi kila mtu na mfuko wake. Anayeagiza samaki mzima peke yake alipe samaki wake. Kutaja hili si uchoyo. Uchoyo ni kunyamaza safari nzima halafu ukaanza kumsema mwenzako mkirudi.

Viingilio navyo viingie kwenye hesabu mapema. Kasri la Kale la Beijing (Forbidden City) ni yuan 40 majira ya baridi na 60 majira ya joto, tiketi huuzwa mtandaoni siku saba kabla, kwa pasipoti, na Jumatatu za kawaida hufungwa. Bustani kubwa ya barafu ya Harbin ni zaidi ya yuan 300 kwa mtu mzima. Bebeni vitambulisho vya chuo, sehemu nyingi zina bei ya mwanafunzi, na aliyekisahau bwenini analipa kamili.

Nikiwa bado Harbin: baridi ya pale usiku hushuka chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Suruali ya jinsi peke yake ni kujitesa. Vaeni nguo ya ndani ya kubana, sufi juu yake, kisha koti. Viatu viwe vikubwa kidogo viingie na soksi mbili. Zile pakiti za joto za kubandika zibandikwe juu ya nguo, zisiguse ngozi, zinaunguza. Simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, maana nje huzima ikiwa na nusu ya chaji, na simu ikizima umepoteza pesa, ramani na kamusi kwa mpigo. Kwenye ndege za ndani, tangu 28 Juni 2025 pawabenki isiyo na alama ya 3C, yaani alama ya ubora na usalama ya China, hairuhusiwi; angalieni zenu zisije zikaachwa ukaguzi.

Kwa wanaokula halali, tafuteni maduka ya tambi za nyama ya ng'ombe za Lanzhou, yenye maandishi ya qingzhen, karibu kila mji yapo. Xi'an mtaa wa Waislamu unawatosha, na Msikiti Mkuu wake una paa na ua kama hekalu la Kichina, bila kuba. Na mkipitia Nanjing, kuna bustani kwenye eneo la karakana zilikojengwa merikebu za Zheng He, yule nahodha wa kale wa China ambaye misafara yake ilifika pwani yetu. Twiga wa Malindi alifikishwa China mwaka 1415. Wengi hupita mji ule bila kujua.

Mtapigwa picha, pengine bila kuulizwa, na kuna atakayegusa nywele. Kubalianeni mapema kundi linajibu vipi, ili mmoja asiwe anacheka na kamera huku mwingine anafoka. Neno "bu yao" (sitaki) kwa sauti ya kawaida na mkono ulioinuliwa linatosha mara nyingi. Polisi ni 110, gari la wagonjwa 120. Mpigieni simu anayejua Kichina kuliko wote, hata kama hayupo safarini.

Mkirudi kutoka nje ya China bara, hata kama ni Hong Kong ya mchana mmoja, pitieni tena bwenini au kituo cha polisi cha mtaa mwandikishwe upya ndani ya saa 24. Na mnaorudi baada ya sikukuu, mfike siku mbili tatu kabla ya usajili wa muhula, kwa sababu siku ile ya mwisho treni zote za kurudi zimejaa wanafunzi wenzenu.