Fae, chungu na miiko: nimekopi au nimechota?

SWALI: Shikamoo mhariri. Naandika fantasia ya vijana, nimeweka fae, wale viumbe wa ajabu wa hadithi za Ulaya, wanaoishi ndani ya vilima na chungu cha kufufua wafu. Rafiki yangu kasoma, kasema nimekopi riwaya ya The Cruel Prince. Ni kweli? Na jina la Kiayalandi Niamh linasomwaje?

JIBU: Marahaba. Hujakopi, hivyo vitu vilikuwepo karne nyingi kabla Holly Black hajatoa hicho kitabu 2018. Watu wa vilimani ni wa masimulizi ya Ayalandi, wanaitwa aos sí (hiyo sí isome shii), chungu nacho kimo kwenye Mabinogi, hadithi za Wales za zama za kati. Havina mwenyewe, chota. Ila usiseme tu "Kikelti" kana kwamba ni kijiji kimoja, Ayalandi wana lugha yao na Wales yao, ukichanganya basi changanya unajua.

Shida naiona kwingine na miswada mingi inaangukia hapohapo, mtu anachukua kifaa anaacha sharti lake. Chungu cha Wales ukitumbukiza maiti leo, kesho anaamka mzima anapigana vizuri tu, ila hasemi tena. Bubu. Sasa kwako yule kaka katoka chunguni na moja kwa moja anapiga stori na dadake, utisho wote umeumwaga mwenyewe.

Mi ningekwambia chukua geis. Ni mwiko, mwiko huuhuu unaoujua. Cú Chulainn, shujaa wa masimulizi ya Ayalandi, jina lenyewe maana yake mbwa wa Culann, alikatazwa kula nyama ya mbwa, na akakatazwa pia kupita penye meko bila kula. Siku anaenda vitani akakuta vikongwe watatu chongo njiani wanachoma mbwa, wakamkaribisha, afanyeje sasa? Akapokea kwa mkono wa kushoto, akala, mfupa akauficha chini ya paja, mkono na paja vikaisha nguvu palepale, na vita ile hakurudi.

Black naye kacheza na sharti tu, fae wake hawawezi kusema uongo ila Jude, binadamu, anaweza, na ndo silaha yake. Kwa hiyo dada wa hadithi yako mpe miiko miwili, kila mmoja peke yake uonekane mwepesi, kisha uikutanishe mlango mmoja.

Niamh ni Niivu. Ile mh isome v.