Yale maji ni mate au nini?

SWALI: Kaka habari za kazi. Juzi rafiki yangu kanipeleka kwenye konsati ya wapuliza ala watano, ukumbi mdogo, hakuna maiki wala yule mtu wa kupunga kijiti. Sasa kila wakipumzika mmoja anamwaga maji kutoka kwenye ala yake, mwingine anachomeka kikaratasi kama cha kusokotea sigara, wa tatu ananyonya kijiti kama mtoto na pipi. Walipotulia kidogo nikapiga makofi, kumbe niko peke yangu ukumbi mzima! Yale maji ni mate? Na mbona wanaita ala za mbao wakati filimbi inang'aa kama sufuria? – Msomaji mwenye aibu

JIBU: Pole sana ila hiyo aibu ya makofi wengi tumeionja, mi mwenyewe mara mbili. Muziki ule una sehemu tatu nne hivi, makofi yanasubiri mpaka ya mwisho, we angalia tu wakishusha ala mapajani na kukutazama ndo upige.

Maji yale mengi si mate bwana. Pumzi ya mtu ina joto na unyevu, ikigusa bomba lililopoa inageuka matone, kama unavyopulizia kioo. Tone likiingia kwenye kitundu chini ya kifuniko noti inatoka inagugumia, ndo maana ya kale kakaratasi, kananyonya maji. Na kile kijiti ni ulimi wa ala, unachongwa kwa tete, ukikauka hautetemeki vizuri kwa hiyo lazima ulowe. Mwenye obo, ambayo ni ndugu wa zumari letu kabisa, ana tete mbili zimefungwa pamoja na upenyo mwembamba mno, yani yeye haishiwi hewa, hewa inambakia kifuani imeshachoka, inabidi aitoe kwanza ndo avute mpya. Ukikaa karibu unamwona anavyoiva uso.

Filimbi ilikuwa ya mbao kweli, ya chuma ilienea baada ya fundi wa Kijerumani Theobald Boehm kuleta yake mwaka 1847, jina likabaki. Ile klarineti nyeusi lakini ni mbao hasa, nyingi zinatengenezwa kwa mpingo, mpingo huuhuu wa Tanzania na Msumbiji. Na lile la shaba lililojiviringa ni horni, si la ukoo huo hata kidogo ila sauti yake inawashikanisha wenzake, na tangu mtunzi Anton Reicha alipoandika kwinteti zake 24, yani vipande vya wapigaji watano kama hao wako, kule Paris mwanzoni mwa karne ya 19 halijatoka tena.

Kuhusu kukosa mwongozaji, siku nyingine sikiliza kabla ya noti ya kwanza, utasikia "hhp" ya pua, mmoja anavuta pumzi kwa makusudi na bega linapanda kidogo, wote wanaingia hapohapo. Ukikuta wanapiga kwinteti ya Carl Nielsen, mtunzi wa Denmark, ya 1922 usikose, sehemu ya mwisho kila mtu anapewa nafasi yake, kuna mahali basuni, lile bomba refu la mbao la sauti nzito, inabaki peke yake inalalamika kama mzee aliyeamshwa usingizini, na mwenye obo anabadilisha ala katikati, anashika ndefu zaidi yenye mwisho wa chini uliovimba kama yai. Akiinama kuichukua usipige makofi, bado.