Vitoto vya aksolotli havili kisichocheza

Mwanangu alipoleta aksolotli wawili (wanyama wa jamii ya salamanda wanaoishi majini) hapa nyumbani Leicester, Uingereza, muuzaji alituapia kwamba wote ni madume. Mwaka haujaisha, asubuhi moja nikakuta mayai yamegandana kwenye kila jani la tangi, 200 na ushee. Nikawa mlezi bila kutaka.

Yalianguliwa baada ya wiki mbili na nusu hivi. Kitoto kikitoka kina urefu wa kama sentimita moja, uzi wenye macho. Kosa langu lilikuwa haraka. Siku ileile nilisaga chakula cha punje cha wazazi wao nikawanyunyizia. Hakuna aliyegusa. Jioni maji yakanuka, na kulipokucha nikatoa maiti 30. Kumbe siku mbili tatu za mwanzo vinajilisha kiini kilichobaki tumboni, na vikianza kula hudaka kinachocheza mbele ya macho tu.

Kilichoniokoa ni artemia, jamaa wa uduvi wetu ule wa kupika na nazi, ila vichanga vyake ni kama vumbi. Mayai yake huuzwa makavu. Natia lita moja ya maji na gramu 25 za chumvi kwenye chupa ya soda, napitisha hewa kwa pampu ndogo, joto nyuzi 26 hadi 28. Kesho yake jioni maji huwa ya rangi ya chungwa. Hapo nazima pampu kwa dakika kumi na kumulika tochi chini ya chupa: maganda yanaelea, vichanga vinafuata mwanga. Navivuta kwa mrija, nachuja kwa kitambaa, nasuuza kwa maji yasiyo na chumvi. Kwenye maganda usifanye uvivu, yanaweza kuziba utumbo.

Nalisha asubuhi na jioni. Sihesabu, naangalia matumbo, maana ngozi yao inapitisha mwanga. Tumbo likiwa la chungwa, kimeshiba. Artemia hawadumu kwenye maji yasiyo na chumvi, kwa hiyo mabaki nayatoa na maji nabadilisha kila siku, yakiwa yameshaondolewa klorini. Ndiyo, kila siku. Mgongo utauma.

Miguu ya mbele ikianza kuota, jiandae kwa vita. Nilikuwa na 60 kwenye beseni moja, na asubuhi hiyo nikahesabu wanane wasio na mguu. Huota tena, ni kweli, lakini wenye majeraha nilibidi kuwatenga kwenye vikopo vya mtindi, na kila kikopo kina maji yake ya kubadilisha. Bora watawanywe mapema, na njaa isiwakute.

Miguu ya nyuma ikitokea, wape dafnia (viroboto wa maji) na minyoo midogo iliyokatwakatwa.

Jike akitaga tena nitabakiza mayai 20. Mengine yaende friza siku hiyohiyo, kabla mwanangu hajayaona.