Wadogo zangu, acheni kusogeza filamu mbele

Jumamosi iliyopita nilikaa na rasimu zenu za uhakiki hapa Moshi mpaka chai ikapoa. Mada tuliyowapa ni nzuri: familia, tamaa na hofu kwenye filamu. Karibu kila mmoja ameanza na "Filamu hii inahusu...", kisha akanisimulia kisa chote hadi mwisho. Nawapenda, ndiyo maana nimeudhika.

1. Kisa kipewe aya moja, basi.

2. Aliyesoma riwaya ya Adam Shafi shuleni asinihakikie riwaya. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, ni filamu. Kwamba Yasmin anampenda Denge tulishajua tangu kitabuni. Niambieni mwanga unamwangukia nani, nani anamtazama nani, nani anakwepesha macho. Tamaa itafuteni hapo.

3. Familia. Hapa mnivumilie.

Mwaka wangu wa kwanza nilipewa Tokyo Story ya Yasujiro Ozu, ya mwaka 1953. Wazee wawili wanafunga safari kwenda Tokyo kuwaona watoto wao. Watoto wana shughuli zao, wazee wanapelekwa Atami, kwenye hoteli ya pwani, ili wasiwe mzigo. Kamera haisogei karibu filamu nzima. Imewekwa chini, kimo cha mtu aliyekaa mkekani. Mimi niliitazama hosteli usiku, kesho yake ndiyo siku ya kukusanya kazi. Kila palipokuwa kimya nikasogeza mbele. Halafu nikaandika kwamba mama anakufa ghafla, bila dalili yoyote, na kwamba huo ni udhaifu wa skripti. Nikaisoma kazi hiyo mbele ya darasa, sauti imenitoka vizuri kabisa.

Mwalimu hakunikatiza. Nilipomaliza akawasha projekta, akatafuta sini ya Atami. Wazee wamekaa juu ya ukuta kando ya bahari, wanazungumzia kurudi nyumbani. Mume anasimama. Mama naye anainuka, anayumba, anachutama, mkono chini. Mume anamuuliza kulikoni. Kizunguzungu kidogo tu, anasema, kimeisha. Wanaondoka zao, wadogo kabisa juu ya ule ukuta mrefu.

Mwalimu akazima, akanirudishia karatasi yangu bila neno. Aibu ya darasani ilipita baada ya wiki. Kilichobaki ni kujua kwamba nilimfanyia yule mama kama wanawe walivyomfanyia: alikuwa mbele ya macho yangu, nami nina haraka. Desemba ile nikapanda Marangu kwa Krismasi kama wenzangu wote. Siku ya kwanza nilishinda jikoni, namwangalia mama yangu anavyoinuka kutoka kwenye kigoda, mkono mmoja gotini, mwingine ukutani. Akaniuliza, "We, mbona unaniangalia hivyo?" Nikamwambia nasubiri ndizi ziive.

4. Hofu. Kuna rasimu moja ina "inatisha" mara sita. Futa zote. Kwenye Psycho ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1960, muziki wa Bernard Herrmann umepigwa kwa ala za nyuzi tupu, hamna ngoma wala tarumbeta. Itazame sini ya bafuni na sauti yake, kisha uizime sauti uitazame tena, uandike kilichopungua. Hiyo tayari ni aya.

5. Majina ya wahusika muyaandike sawasawa, jamani.

6. Umeme ukikatika katikati ya filamu, usiende kumalizia na muhtasari wa mtandaoni. Subiri urudi.

Jumamosi hii saa nane mchana tunaiweka Tokyo Story, dakika zote 136. Simu zitakaa kwenye kikapu mlangoni, na rimoti nitaishika mimi.