Maji yakishuka, kazi inaanzia chooni

Swali lenu la wiki hii ni hili: mafuriko yakiingia mtaani, ni jambo gani la kila siku hukatika kwanza, na lipi huchelewa kurudi? Kwa sisi wa Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, kinachokatika kwanza ni njia. Kinachochelewa kurudi ni choo. Hilo la pili watu huona haya kulisema, na kwa sababu hiyo nitalikalia zaidi.

Njia kwanza. Msimbazi unateremka kutoka vilima vya Pugu na kuingia baharini kwenye Daraja la Selander. Mvua kubwa ikipiga huko juu usiku, Jangwani, huku bondeni, inaweza kuamka imejaa hata kama Magomeni kulinyesha manyunyu tu. Ikiangukia siku za bamvua ndiyo balaa zaidi: bahari imejaa, mto hauna pa kutokea, maji yanarudi nyuma kwenye makazi. Mchanga nao umejikusanya chini ya daraja la Jangwani miaka na miaka, na nafasi ya maji kupita imepungua. Barabara ya Morogoro ikifungwa hapo, mabasi ya mwendokasi yanasimama, daladala zinazunguka mbali, bodaboda wanapandisha nauli, na mama lishe anayefuata mahitaji Kariakoo alfajiri anapoteza siku nzima, maana wali ulioiva saa kumi jioni hauna mteja. Lakini maji yakishuka, barabara inafunguliwa. Nyumbani ndiko kunakobaki kazi ya wiki.

Tuanze na tope, kwa sababu linaharakisha watu kufanya makosa. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye tope la sentimita 5 kina zaidi ya kilo 700 za udongo mbichi, yaani toroli saba au nane. Litolewe likiwa bado laini. Likiachwa siku tatu kwenye jua linashika sakafu kama lipu. Koleo kwanza, kisha maji na sabuni, na klorini mwisho kabisa. Klorini ikimwagwa juu ya tope inaishia kwenye uchafu na vijidudu vinabaki. Nguo za kazi ni buti za mpira na glavu, kwa sababu mkojo wa panya ulioingia kwenye maji hayo huleta homa ya mgunda, nayo hupita kwenye mchubuko mdogo tu wa mguu. Na tope lisitupwe mtaroni. Najua hakuna pa kuliweka, najua uchochoro hauingii gari, lakini mtaro ukishajazwa tope la nyumba kumi, mvua inayofuata hata ikiwa ndogo itarudi ndani. Lirundikwe sehemu moja iliyoinuka, na serikali ya mtaa isukumwe ilete gari.

Sasa choo. Vyoo vingi vya bondeni ni mashimo yaliyojengewa kwa tofali, mapipa au matairi ya zamani, kwenye ardhi ya mchanga ambayo maji yake yako karibu hata kiangazi. Mafuriko yakija, shimo hujaa kutoka chini na pembeni kabla maji hayajafika mlangoni, na kinyesi kinapanda kuelea uani. Maji yakishuka, slabu inaonekana imetulia pale pale, na hapo ndipo penye hatari: mchanga uliokuwa nyuma ya tofali umeshabebwa, na zege limekaa juu ya uwazi. Mtoto asitangulie kuingia. Chukua nondo ya mita moja na nusu, simama nje, choma ardhi kuizunguka slabu kila baada ya shubiri mbili. Nondo ikizama bila ukinzani, choo hicho kifungwe mpaka fundi afukue na kujaza.

Kosa la pili ni kukimbilia kunyonya choo siku ileile maji yaliposhuka. Shimo lililojaa linasaidia kuhimili ukuta wake: maji ya ndani yanasukuma nje, maji ya ardhini yanasukuma ndani. Ukiyatoa maji ya ndani yote wakati ardhi bado imelowa, upande mmoja unabaki bila mpinzani, na tofali zinaingia shimoni. Subiri kina kishuke chenyewe, kisha nyonya kiasi, siyo chote.

Kuna na kutapisha choo, yaani kusubiri mvua kubwa, kutoboa pembeni na kuuachia uchafu uende na maji. Wanaofanya hivyo wana sababu: gari la kunyonya halifiki, na pesa ya kulilipa haipo. Hata hivyo uchafu huo hauendi baharini moja kwa moja. Unaingia kwa jirani wa chini, kisha kisimani, na kipindupindu hakiulizi nani alitoboa. Mafundi wa pampu ya mkono wanaingia hata pasipoingia gari. Kaya nne zikichangiana kabla ya masika, gharama inagawanyika.

Kisima kina tabia ileile ya shimo. Usikikaushe kwa mkupuo. Toa maji machafu na tope kidogo kidogo, kisha pima. Kisima chenye upana wa mita 1 na kina cha maji mita 2 kina takriban lita 1,570. Kwa kila lita 100 unahitaji lita 1 ya mchanganyiko wa klorini wa asilimia 0.2, kwa hiyo hapa ni lita 16. Ukitumia klorini ya unga ya asilimia 70, ni gramu 3 kwa kila lita ya mchanganyiko, jumla kama gramu 50. Mimina, koroga kwa ndoo, acha angalau nusu saa, usiku kucha ni bora, kisha chota mpaka harufu kali iishe. Niseme wazi: kama choo kiko hatua chache kutoka hapo, usafi huo ni wa siku chache tu. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe klorini ya maji ya asilimia 5 isiyo na manukato, matone 2 kwa lita, 40 kwa ndoo ya lita 20, yakae nusu saa. Yakiwa na rangi, yachujwe kwanza kwa kitambaa safi na dozi iwe mara mbili. Mtu akishaanza kuharisha, lita 1 ya maji hayo, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, anyweshwe huku akipelekwa zahanati.

Umeme ni mfupi kueleza. Zima meni swichi kabla maji hayajafika kwenye soketi, na usiwashe mpaka fundi afungue kila soketi iliyozama, aoshe, akaushe. Tope likibaki ndani linapitisha umeme hata kama uso wa ukuta umekauka, na tofali hufyonza maji kama utambi wa koroboi, hivyo soketi iliyokuwa juu ya maji nayo inaweza kulowa.

Wapo waliohamishiwa Mabwepande baada ya mafuriko ya Desemba 2011. Wengine bado tuko bondeni, kwa sababu riziki iko Kariakoo na kodi ya huku inalipika. Kwa anayebaki: kabla hujaosha ukuta, chukua rangi ya mafuta upige mstari pale maji yalipofika, uandike na tarehe. Fundi akija, mwonyeshe mstari huo. Slabu ya choo ipande ngazi mpaka juu yake, mdomo wa kisima vivyo hivyo, soketi ziende mita moja juu zaidi, na rafu ya vyeti na vitambulisho iwekwe mahali ambapo mtoto hafiki bila kiti.