Kwa wanaoanza fizikia ya chembe: namna ya kueleza haja ya mtambo mpya

Mwanafunzi anayeingia katika fizikia ya chembe huulizwa mapema kwa nini unatakiwa mtambo mwingine wa kugonganisha chembe, ilhali ule wa CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe iliyo karibu na Geneva, wenye handaki la kilomita 27, ungali ukifanya kazi. Wengi hujibu kwamba mtambo mpya utagundua maada ya giza, yaani maada isiyoonekana inayojulikana kwa mvuto wake tu. Nawashauri muliepuke jibu hilo, kwa kuwa hakuna awezaye kuliahidi.

Kabla ya 2012 hali ilikuwa nyingine. Hesabu zilionyesha kwamba bila bosoni ya Higgs (chembe ya uga wa Higgs, uga unaozipa chembe za msingi tungamo), au kitu cha kushika nafasi yake, nadharia ya chembe ingetoa majibu yasiyowezekana kwenye nishati ya takriban teraelektronivolti moja (elektronivolti trilioni moja), kwa hiyo aliyefika huko asingekosa kukuta jambo. Bosoni ilipopatikana mwaka huo wa 2012, dhamana hiyo ilikwisha. Swali lililo zito zaidi, kwa maoni yangu, sasa linahusu bosoni yenyewe: bosoni za Higgs zinaathiriana vipi zenyewe kwa zenyewe? Jibu lake ndilo litakaloonyesha umbo la uga wa Higgs, na pengine litasaidia kueleza kwa nini maada ilibaki na antimaada, kinyume chake chenye chaji zilizogeuzwa, ikatoweka.

Jifunzeni pia sababu ya ukubwa, maana hapo ndipo wasikilizaji hushuku. Protoni imeundwa kwa chembe ndogo zaidi, kwarki na gluoni zinazozishikanisha, hivyo migongano yake huwa na vurugu. Elektroni na positroni (antimaada ya elektroni) hugongana kwa usafi, lakini zikizungushwa hupoteza nishati kwa mionzi, na nishati ikiongezwa maradufu katika handaki lilelile, hasara ya kila mzunguko huwa mara 16. Handaki kubwa zaidi hupunguza hasara hiyo. Ndiyo maana pendekezo la CERN liitwalo FCC (Future Circular Collider) lina mzingo wa takriban kilomita 91. Awamu ya kwanza, ya elektroni na positroni, ingezalisha bosoni za Higgs zaidi ya milioni moja. Swali nililolitaja hapo juu, semeni wazi, lingengoja hasa awamu ya pili, ya protoni.

Msidharau upimaji. LEP, mtambo wa CERN wa elektroni na positroni uliotumia handaki la sasa kuanzia 1989 hadi 2000, haukugundua chembe mpya hata moja, lakini ulithibitisha kwamba aina za neutrino nyepesi (chembe zisizo na chaji na zenye tungamo dogo mno) ni tatu, na vipimo vyake vilikadiria tungamo la kwarki iitwayo top kabla haijagunduliwa katika maabara ya Fermilab, Marekani, mwaka 1995.