Nilibadilisha Kazi, Simu Ikanifuata Hadi Kitaluni

Machi 2020 nilikuwa mezani kwangu kwenye ofisi ya kampuni moja ya utalii hapa Arusha, si mbali na Mnara wa Saa. Tarehe 16 ilipotangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alikuwa ameingia kupitia uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA, ofisi nzima ilinyamaza. Tulizoea kuona kazi ikipungua Machi kwa sababu ya masika, lakini safari hii watu walikuwa wanafuta hata safari za Agosti na Desemba. Tarehe 11 Aprili ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa. Zikaruhusiwa tena Mei 18, ila ndege kuruhusiwa kutua ni jambo moja na kuja na wageni ni jambo lingine. Mwisho wa Mei nikakabidhiwa barua yangu.

Nilikuwa nimepanga safari za watu kwa miaka 9. Mgeni anaandika, nampangia siku mbili Tarangire, moja Ngorongoro, tatu Serengeti. Nashika vyumba, nafuatilia malipo ya awali, nahakikisha dereva anajua kwamba mama wa familia hali nyama. Nilikuwa naiweza kazi ile. Na kwa kuwa wageni wetu wengi walikuwa Wamarekani, niliifanya usiku. Saa tatu usiku kwetu, wakati wa kiangazi chao, Los Angeles ni saa tano asubuhi. Ndiyo kwanza watu wameketi na kahawa wanajibu barua. Binti yangu alikuwa na miaka sita. Tukiwa tunakula, simu ikilia, alikuwa anauliza, "Mama, Marekani wameamka?"

Naandika haya kwa sababu kila mwezi kuna mdogo wangu mmoja, wa mtaani au wa kanisani, anayeniomba ushauri: amechoka na kazi, anataka aache afuate kile anachokipenda. Namwambia ukweli wangu: mimi sikuwa na kitu ninachokipenda. Nilikuwa na ada ya shule ya kulipa.

Kwanza fedha, maana bila hizo mengine hayazungumziki. Ukipunguzwa kazi, usiondoke kwa aibu bila kuuliza haki zako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa kiinua mgongo cha mshahara wa msingi usiopungua wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Kwangu ilikuwa siku 63. Nilikaa na mama yangu jikoni tukaigawa kwenye karatasi: ada ya mihula miwili, unga, kodi ya nyumba, na kilichobaki nikakiandika "kitu kingine", kwa sababu sikujua bado ni nini. Kumwonyesha mama ile karatasi kulikuwa kugumu kuliko kuipokea barua. Lakini tangu siku ile sikuhitaji tena kujifanya mbele yake kwamba mambo yapo sawa, na ule mzigo ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani.

Hicho kitu kingine nilikikuta Tengeru. Soko la Tengeru ni Jumatano na Jumamosi, na Jumamosi moja ya Juni nilimsindikiza mama kununua mahindi. Pembeni ya barabara kulikuwa na babu mmoja, bwana shamba mstaafu, ameketi kwenye kigoda anabebesha miche ya parachichi. Nilisimama kuangalia nikasahau mahindi. Mche wa kienyeji uliofikia unene wa penseli anaukata kichwa, anaupasua katikati kwa kina cha kama sentimita tatu. Kikonyo, yaani kijiti cha parachichi aina ya Hass chenye macho mawili matatu, anakichonga pande zote mbili kama kabari, anakiingiza kwenye ule mpasuko mpaka gome likutane na gome, anazungusha utepe wa nailoni kutoka chini kwenda juu, halafu anavisha mfuko mwepesi unaoonyesha ndani ili unyevu usipotee. Dakika mbili, mche umekwisha, anachukua mwingine. Mikono yake haikuwa na haraka hata kidogo. Miaka 9 nilikuwa sijaona mtu akifanya kitu kimoja tu kwa wakati mmoja.

"Shikamoo babu. Naweza kujifunza?"

"Marahaba. Mwanangu, kisu unacho?"

Nilirudi Jumatano na kisu.

Wanaosema utafute kwanza unachokipenda ndipo uanze, siwaelewi. Wiki za mwanzo sikupenda chochote. Nilijikata kidole gumba mara mbili, mgongo uliniuma, na nilikuwa na uchungu moyoni kwamba mtu mwenye diploma ameketi kwenye kigoda. Kuipenda kulikuja polepole, mkono ulipoanza kujua ukali wa kisu bila kuambiwa, nilipoweza kutazama gome na kujua kwamba kikonyo hiki kimekauka hakitashika. Mapenzi ya kazi, nilivyoyaona mimi, yalianza pale nilipoanza kuiweza. Kwa hiyo ukiniuliza uchague nini, nitakuuliza ni kazi gani uko tayari kuikosea mara nyingi bila kuikimbia.

Na nilikosea sana. Kokwa nilikuwa naziokota kwa wauza juisi soko la Kilombero, nikazipanda kwenye viriba, vile vimifuko vya kuoteshea miche, nyuma ya nyumba. Miezi sita baadaye nikabebesha miche yangu 200 ya kwanza. Ikafa 163. Niliihesabu nikiwa nimepiga magoti, mmoja mmoja, kikonyo cheusi baada ya kikonyo cheusi, na nililia pale pale kwenye udongo. Babu alipokuja aligusa udongo wa viriba, akaukuta umeloa chapachapa. Akaangalia mifuko ya nailoni, akaona imekunjwa na kufunguliwa.

"Unaifungua mara ngapi?"

"Kila asubuhi, babu. Na jioni. Nataka kuona kama inashika."

Akanyamaza kidogo. "Sasa mwanangu, hapo unaitunza au unaikagua?"

Parachichi halitaki maji yatuame kwenye mizizi, mizizi inaoza. Na ule mfuko ukifunguliwa kila siku, kikonyo kinakauka kabla gome halijaungana. Yote mawili yalitokana na kitu kimoja: sikuweza kuacha kitu kiendelee bila kukiangalia. Ni tabia ile ile niliyokuwa nayo ofisini ya kufungua barua pepe saa sita usiku kuona kama mgeni amejibu. Kazi nilikuwa nimeibadilisha, tabia nikaja nayo.

Laiti kuna mtu angeniambia hili mapema. Tunadhani uchovu wetu uko kwenye kiti cha ofisi, kwa bosi, kwenye foleni ya asubuhi. Mengine ni kweli yako huko. Lakini mimi niliondoka ofisini, na ndani ya mwaka mmoja nilikuwa najibu ujumbe wa wateja wa miche wa Karatu na Babati usiku kama nilivyokuwa najibu wa California. Jioni moja tunakula makande, simu ikalia, nikanyoosha mkono. Binti yangu, sasa ana miaka minane, akauliza taratibu kabisa, "Mama, huyu naye yuko Marekani?"

Sikumjibu. Nilinyanyuka nikaiweka simu juu ya kabati la vyombo, na tangu siku hiyo inakaa pale kuanzia saa moja hadi saa tatu usiku. Haikuwa bila gharama. Wiki ya pili tu mteja wa miche 300 alikosa jibu, akanunua kwa mwingine. Iliniuma, sitasema haikuniuma, maana ile ilikuwa ada ya muhula mzima. Lakini nilishaona kwamba ukisubiri siku ambayo kupumzika hakutakugharimu kitu, haifiki.

Kuhusu ustahimilivu sina maneno mengi. Miezi ile mibaya sikuwa jasiri. Nilishikiliwa. Jirani yangu aliniletea mkungu wa ndizi mchare bila kuuliza kama nimepata kazi. Wenzangu wa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, waliniruhusu kuchelewesha rejesho mara mbili. Mama kila nikianza kuhesabu madeni usiku aliniambia, "Kalale, kesho utaamka na akili nyingine." Kama kazi yako bado ipo, wekeza kwa watu wa namna hiyo leo. Nenda msibani kwao, changia harusi zao, kaa nao. Ukishaanguka ndipo uanze kuwatafuta, utakuwa umechelewa.

Mwaka 2022 wageni walipoanza kurudi kwa wingi, ofisi ya zamani ilinipigia. Hapo ndipo nilipopata usingizi wa shida kuliko wakati wote. Mshahara unaojulikana tarehe yake ni kitu kizuri, asikudanganye mtu. Nilichukua kalenda ya ukutani na kalamu mbili za rangi. Utalii wetu unashika kasi Juni hadi Oktoba. Masika, Machi hadi Mei, ofisi zinapoa. Miche ni kinyume chake: watu wanapanda mvua zikinyesha, masika na vuli, na kiangazi kitalu kinataka maji na kivuli tu. Rangi mbili zilikaa kwenye kalenda bila kugongana isipokuwa wiki chache. Nikaomba kazi ya asubuhi tatu kwa wiki, Juni hadi Oktoba, na simu ya ofisi ibaki ofisini. Nilitegemea wakatae. Walikubali.

Najua si kila mtu ana misimu miwili inayopishana vizuri namna hii. Ila jaribu kuiandika miezi yako 12 ukutani kabla hujaandika barua ya kuacha kazi. Huenda ukaona kwamba kinachohitaji kuondoka ni jioni mbili tu za wiki, au mwezi mmoja wa mwaka, na mshahara ukabaki. Na yale uliyojifunza nyuma usiyatupe: daftari langu la malipo ya awali, tarehe za kuchukua mzigo, kumkumbusha mteja siku tatu kabla, yote nimeyatoa kwenye kupanga safari. Wakulima wanaonunua kwangu hawajui kwamba wanapokelewa kama wageni wa Serengeti.

Juzi tumebebesha 400. Babu siku hizi macho yamepungua nguvu, anakaa tu kwenye kigoda chake anasikiliza sauti ya kisu changu. Kikikwaruza ananiambia nikinoe. Binti yangu amechomeka kibao chini mwanzoni mwa tuta na kuandika kwa maki peni tarehe ya kufungua mifuko, wiki tano kuanzia leo. Chini yake ameongeza neno moja, kubwa, kwa ajili yangu: "SUBIRI."